Kofia Nyeupe na Maji ya Bi Tumu

Bi Tumu, jirani yangu hapa Mambrui, hutia rangi ukindu wa mikeka, kazi aliyoachiwa na mamake. Tangu nimjue sijaviona vidole vyake bila rangi. Mwaka huu nusura aiache. Maji ya rangi aliyokuwa akimwaga uani yalipenya mpaka kisimani kwa Mzee Abdalla, na mzee akaenda sala ya Ijumaa na kanzu iliyofuliwa ikageuka rangi ya waridi. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Bi Tumu, sikukatazi riziki yako," alimwambia mlangoni. "Lakini ukimwaga tena, mimi na wewe basi."

Beseni la maji mekundu likabaki uani, Bi Tumu hana pa kuyamwaga. Hakupika rangi nyingine. Alikuwa akikaa tu na kuutazama ukindu mkavu, nami roho ikiniuma kumwona hivyo.

Ndipo akaja Shukri, binti wa kakake, mwalimu wa kemia Kilifi. Akaweka kopo jikoni, akatoka kwenda kuwaamkia wazee. Ndani ya kopo mlikuwa na unga wa manjano, na Bi Tumu akadhani kaletewa rangi. Akautia wote kwenye beseni lile apate rangi ya machungwa, akalisogeza juani, na kila akipita anakoroga.

Alasiri nikasikia naitwa kwa ukali. "Wewe, nani kanimwagia rangi yangu akatia maji ya mfereji?"

Nikaenda kuchungulia. Maji yalikuwa meupe, unga umetuama chini. Hakuna aliyemwaga kitu, na mchanga wa uani ulikuwa mkavu.

Shukri aliporudi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatueleza. Unga ule ni mbolea ya urea, hii hii ya mahindi, imechomwa ndani ya chungu kilichofunikwa. Hauna chuma cha aina yoyote. Ukipigwa na jua ndani ya maji, huivunjavunja rangi mpaka ikaisha. Tena, akasema, wataalamu wanajaribu unga wa namna hiyo kutoa gesi ya kuwaka kutoka kwenye maji, kwa jua tu.

"Jua hili, mwanangu?" akauliza Bi Tumu, akitazama juu. Maisha yake yote lilikuwa la kuanikia ukindu.

Tukamwita Mzee Abdalla. Hakutaka maelezo. Alivua kofia yake nyeupe, ile aliyoidarizi marehemu mkewe, akaichovya taratibu bila kuutibua unga. Bi Tumu akafumba macho. Mimi nilitamani kufumba pia, nikashindwa.

Kofia ikatoka nyeupe vile vile ilivyoingia. Mzee akaikamua, akaivaa hivyo hivyo, maji yakimchuruzika shingoni.

"Kesho pika nyekundu," akasema.