Mate Yaliyopimwa Ng'ambo

Mwanasaumu wa Bofu, Likoni, hakujaliwa kulea mtoto wake mwenyewe. Wa pekee aliyemzaa alikufa kabla ya arubaini, maziwa yakabaki, na mtaa haukuyaacha yapotee bure. Aliyekaukiwa, aliyelazwa, wote walimletea vichanga vyao. Hakudai shukrani, wala hakupewa.

Asmaa alikuwa mmoja wao. Alipokuwa mahututi hospitalini, bintiye Salha alinyonya kwa Mwanasaumu miezi mizima. Asmaa alipona, akajenga ghorofa, akaanza kumsalimu mwenzake kwa kichwa tu, kama vile ulimi una gharama.

Ikaja posa ya Sharif, kijana wa Mjambere, huko Kisauni, mwenye kazi nzuri uwanja wa ndege. Mwanasaumu aliposikia jina la marehemu mamake Sharif, alikwenda kwa Asmaa na kumwambia waziwazi kwamba Sharif naye alinyonya kwake, kabla wazazi wake hawajahamia Kisauni. Hawa ni ndugu wa kunyonya, na ndoa yao ni haramu.

Mwenye akili angemwendea shehe. Asmaa aliagiza kipimo cha DNA cha kufanyia nyumbani. Vijana wakatema mate kwenye vichupa, mate yakapanda ndege, na majibu yalipokuja Mwanasaumu akaitwa sebuleni mbele ya wachumba.

"Hawana nasaba moja, ya karibu wala ya mbali," Asmaa alisema, akimsogezea simu usoni. "Hii ni sayansi, Bi Mwanasaumu, si porojo za uani."

Mwanasaumu aliitazama simu kama aliyeletewa samaki wa juzi.

"Nani kataja damu hapa? Wallahi, umewalipa watu wa ng'ambo wakwambie Salha na Sharif hawakutoka tumbo moja! Hilo hata paka wa Bofu wanalijua. Hebu kiulize hicho kichupa chako: ulipolazwa hujijui, mwanao alishibishwa nini?"

"Hilo hakipimi," Asmaa alisema.

"Marehemu mama aliniambia nina mama mwingine Likoni," Sharif alisema polepole. "Alikufa kabla hajanitajia jina."

Salha alimtazama mamake. Asmaa aliinamia simu.

Tangu posa, binti huyu hakuwahi kumgusa Sharif hata kidole, maana alikuwa bado si mumewe. Sasa aliinuka, machozi yakimtiririka, akamwendea na kumpa mkono.

"Shikamoo, kaka."