Nilitupa chupa za plastiki za mama mkwe kumlinda mtoto, nusura arudi kwao Igowole

Wakuu, habari za majukumu.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Iringa mjini, mwaka huu. Siongezi chumvi, na pale nilipokosea nitasema, maana wife naye ni member humu na atausoma huu uzi.

Mimi ni mtu wa Mbeya, fundi friji. Wife ni mwalimu, kwao Igowole, Mufindi. Tuna binti, wakati huo alikuwa wa miezi tisa, tumwite Tumaini. Wife aliporudi kazini, mama yake akaja kukaa na mjukuu.

Wakuu, huyu mama nampenda. Alishuka stendi na gunia la viazi, kuku mmoja hai na begi dogo la nguo. Anamwimbia mtoto kwa Kibena mpaka mtoto anaanza kujibu kwa kelele zake. Mimi ananiita "baba", na nikirudi kazini anauliza kwanza kama nimekula, ndipo salamu nyingine zinafuata.

Amechuma chai zaidi ya nusu ya maisha yake. Baridi ya Mufindi haina masihara, kwa hiyo wanawake walikuwa wakiondoka asubuhi na chai ya moto kwenye chupa za soda, wanazibana kifuani chini ya sweta. Kwanza zinawapa joto, baadaye wanakunywa.

Alikuja na tabia hiyo. Asubuhi anapika uji wa lishe, anaumimina ukiwa bado unachemka kwenye chupa tupu za maji ya dukani, anazifunga kwa kitenge ili zisipoe. Zikiisha anazisugua kwa brashi, kesho zinatumika tena. Chini ya sinki alikuwa nazo kama kumi na tano.

Siku moja saa nne asubuhi nikapita home kuchukua spana, nikamkuta anamimina. Chupa ikanywea pale pale, ikajikunja katikati. Yeye akacheka, akasema hii nayo inataka kucheza ngoma.

Mimi sikucheka. Wiki hiyo nilikuwa nimesoma mambo ya microplastics, kwamba plastiki inameguka vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaingia kwenye kinywaji, na joto na kusugua kila siku vinazidisha. Zile chupa ni za maji ya kawaida, tena za kutumia mara moja. Niwe mkweli, wanasayansi wenyewe bado wanachunguza madhara yake mwilini ni makubwa kiasi gani. Lakini ukiwa na mtoto wa miezi tisa husubiri wamalize.

Sasa namwambiaje mama mkwe? Kwetu mkwe unamheshimu mpaka unaogopa kupishana naye koridoni. Huyu kalea watoto sita, mmoja wao ndiye mke wangu. Nimwambie uji wake una kasoro? Nilishindwa. Nikamwachia wife, akasema atatafuta siku aongee naye vizuri.

Sikusubiri.

Jumapili walienda ibadani na mtoto, nikabaki. Nikakusanya chupa zote kwenye kiroba, nikazipeleka kwenye dampo la mtaa. Nikaona nimemaliza kazi bila kumkwaza mtu. Akili zetu wanaume wakati mwingine, aisee.

Aliporudi akafungua pale chini ya sinki, akasimama kidogo. Akapika, tukala, halafu akanishukuru kwa chakula alichopika mwenyewe. Kuanzia hapo akawa ananisalimia na kupita. Jumatatu asubuhi nikaona begi lake limeshafungwa, lipo karibu na mlango.

Wife ndiye aliyenifungua macho. Mama kaelewa kwamba nimemchoka. Kwake yeye, mkwe akianza kutupa vitu vyako bila neno, anakuonyesha mlango kwa adabu. Halafu nusu ya zile chupa alikuwa anawawekea wenzake wa Igowole. Na alikuwa ameshaulizia kosta ya kesho yake ya kwenda Mafinga, njia ya kwao.

Wakuu, nilijisikia vibaya mno. Sikwenda kazini.

Nilimkuta uani anaanika nepi. Nikakaa kwenye ngazi, chini yake, nikamweleza yote. Niliyosoma, chupa iliyonywea, hofu yangu kwa mtoto, na kwamba niliogopa kumwambia nikaona bora nitupe. Nikaomba msamaha.

Alimaliza kwanza kuanika nepi zote. Kisha akasema, "Ungeniambia tu, baba. Mimi huyu mtoto nampenda kuliko chupa."

Halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho.

"Na sisi tuliokunywa chai ya moto humo miaka yote?"

Nikamjibu ukweli, kwamba sijui, hata wataalamu hawajamaliza kujua, na nisingependa aishi kwa hofu. Akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

"Basi tuanzie kwa huyu."

Mchana tukaenda madukani, mtoto mgongoni kwake. Mimi nikachagua haraka chupa moja inang'aa, imeandikwa stili. Mama akaifungua, akaingiza kidole, akanusa, akanipa nichungulie. Stili ilikuwa ganda la nje tu, ndani plastiki tupu. Muuzaji akawa anaangalia barabarani.

Tulizunguka maduka mengine matatu mpaka akaridhika na moja ambayo ni stili hadi chini, mdomo mpana, brashi inaingia vizuri. Akachukua na kikombe na kijiko cha mtoto, vyote stili. Tulivyorudi akaiulizia mitungi ya kioo ya asali iliyokuwa imekaa tu stoo. Kuichemsha, akaiweka kwenye maji baridi ndipo akawasha moto, ili isipasuke. Sasa ndiyo ya maji ya kunywa ya mtoto. Pesa niliyotenga kununua chombo cha maji ikabaki.

Jioni ile aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, lakini nilisema bado.

Mwezi uliopita alienda Igowole kuangalia shamba, akarudi na habari. Aliwaeleza wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani, wakamwambia kwamba chupa ya stili ni ghali na ya soda ni bure, sasa wafanyeje? Akawaambia chai ya moto ibebwe kwenye chupa ya chai, wachangie moja wanaotoka nyumba za jirani, wanywee vikombe vya bati. Za plastiki zibaki za maji baridi, na zikianza kukwaruzika ziachwe.

Akaniuliza kama kawajibu sawa. Nikamwambia mimi nisingejibu vizuri hivyo.

Somo langu ni kwamba sikukosea kuhusu plastiki, nilikosea kuhusu mama. Mzazi mwambie, usimkwepe ukidhani unamheshimu. Anaweza kuwa anajua kuchagua chombo kuliko wewe uliyesoma kwenye simu.

Mtoto ameanza kushika kila kitu, na mitungi ya kioo ipo karibu yake. Mliolea watoto na vyombo vya kioo, mnafanyaje visivunjike? Andikeni kwa Kiswahili cha kueleweka, kwa sababu mama mkwe kakaa hapa pembeni na mjukuu mapajani, anasubiri nimsomee.