Fahali wa Saruji

Habari za kifo cha fundi zilinifikia Jumatatu asubuhi, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Mke wangu akanikazia macho. "Mtu amekufa, wewe unacheka?" Nikamwambia ni yule wa Malinya, aliyetutengenezea sanamu ya mwanzilishi wa mji wetu huku Lugari. Basi naye akashika mbavu, tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na hatimaye hayakuwa tena ya kicheko.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kamati yetu ilimwagiza sanamu ya mtu mmoja tu: mzee wa kwanza kuhamia hapa shamba la mzungu lilipogawanywa, wakati soko letu lilikuwa kichaka. Avae suti na tai, mkono mfukoni. Fundi akaenda kuongea na mjane wa mzee huyo, kisha akajifungia na saruji na nondo zake. Alipotuita tukaangalie, lo! Mzee amekunja suruali, matope hadi magotini, na kando yake fahali wa kutisha, shingo nene, pembe zimechongoka kama za wale wanaopiganishwa kwao Malinya. Mwenyekiti akafoka, "Huyo ng'ombe atoke kabla ya uzinduzi!" Fundi akamjibu polepole, "Mkimtoa, na mzee wenu nambomoa." Ikakubaliwa mjane aamue siku yenyewe, mbele ya watu.

Siku hiyo ngoma za isukuti zililia, watu wakafurika, na jamaa za fundi wakaleta fahali wao halisi kunogesha sherehe. Kitambaa kilipovutwa tu, fahali akamwona mwenzake wa saruji. Nawaambieni, hakuuliza! Alikwaruza ardhi, akainamisha kichwa, puu! Waheshimiwa wakapanda juu ya viti, mwenyekiti akapotelea kwenye mahindi na kiatu kimoja. Sanamu haikutikisika. Fundi alikuwa akirukaruka, "Amemwona! Jameni, amemwona!" Fahali akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akaenda zake kula majani. Mjane alicheka hadi kilemba kikamdondoka, kisha akasema, "Mwacheni hapo. Mzee wangu alikuwa analimanga na ng'ombe, hakuwa analimanga na tai." Ikaisha.

Tangu hapo nimegundua tunavyopenda kuwaosha watu wetu wakishakufa. Aliyefyeka kichaka tunamvisha suti, aliyechuuza mboga tunamwita mfanyabiashara mashuhuri, mlevi anakuwa mcheshi. Hotuba zinasomwa, na watoto wa marehemu wanatazamana kama walioingia matanga yasiyo yao. Fundi yule alikataa kutuoshea mzee, na kama angetii, leo tungekuwa na karani wa saruji pale sokoni.

Jumamosi tulimzika kwao. Mafahali wakapitishwa uani kwa ngoma, kama desturi yao ilivyo, vumbi likatimka, watu wakaruka na kupiga vigelegele kana kwamba ni harusi. Mjane alikuwepo, sasa anatembea kwa mkongojo. Alipopewa nafasi ya kusema, aliliinamia jeneza. "Fundi, asante. Hawa walitaka kuniletea bwana mimi simjui. Wewe ulinirudishia wangu. Nikienda soko, namsalimianga." Mwenyekiti nilimwona akijifuta macho kwa tai.

Kwa hiyo siku yangu ikifika, jamani, msinipambe. Semeni nilikuwa na mdomo, nilichelewa kila mahali, na nilikoroma kanisani. Semeni yote, ili wa nyumbani kwangu wakisikia wajue ni mimi.