Sauti Niliyoisikia kwenye Simu

Kila Jumapili, watu wa nyumbani wakishatoka ibadani, nilimpigia baba simu. Nilikuwa nafundisha hisabati kwenye chuo kimoja Ulaya kaskazini, mji ambao ikifika Novemba jua linachungulia tu na kurudi. Mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Kulikuwa na tatizo moja la hisabati ya maumbo lililowashinda watu tangu kabla sijazaliwa. Ama nilimalize, ama nirudi nyumbani.

Baba alilima kahawa na ndizi kule mlimani Meru, juu ya Tengeru. Shule aliishia darasa la saba, lakini alitaka nimweleze nilichofanya wiki ile, na mara nyingi swali lake moja lilinirudisha mezani. Kisukari kilikuwa kimempofusha. Mdogo wangu, aliyebaki nyumbani, ndiye aliyemshikia ile simu ndogo ya vitufe.

Masika yalipoanza, sauti ya baba ikakauka. Mama akasema ni kifua. Maswali yakaisha.

"Sawa mwanangu. Mungu akutangulie," alijibu, basi.

Nilidhani ni uzee. Siku nilipolimaliza tatizo lile nilimpigia yeye kabla sijamwambia mtu yeyote chuoni. Akanyamaza kwa muda mrefu.

"Umenipa heshima, mwanangu," akasema.

Nilifunga mlango wa ofisi nikalia kwa furaha. Haukupita muda nikapewa ajira ya kudumu.

Nilirudi likizo kahawa ikiwa imeanza kuiva. Mdogo wangu alinipokea uwanja wa ndege kwa gari la kuazima.

"Baba hajambo?"

"Utamwona."

Tulipofika alinipeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba, begi likiwa bado begani. Kaburi lilikuwa migombani. Saruji ilishapoteza rangi ya upya, na majani makavu yalikuwa yameangukia juu yake. Tarehe iliyochorwa pale ilikuwa ya Machi.

"Nimeongea naye Jumapili iliyopita," nikasema.

"Umeongea na mimi."

Nilimpiga kofi. Hakujikinga. Nikamkamata shati, na mama akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Mwache! Mimi ndiye niliyemwambia. Ungekuja kuzika, ile kazi wangempa mtu mwingine. Ukoo mzima niliukataza kukuambia."

Sikumwamkia mama yangu siku ile. Nilimwachia mdogo wangu shati, naye akalinyoosha taratibu.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi sikiliza na hii. Kule hospitali baba alikuwa anakuulizia wewe tu. Mimi namgeuza, namwosha, namlisha uji, yeye anauliza wewe unafika lini. Mpaka mama akaniambia, mwambie amefika. Nikakaa kitandani, nikaongea kama wewe. Polepole, kama mtu anayeogopa kukosea."

"Akasema nini?"

"Mwanangu, hayo yaache," mama akasema.

"Si ameuliza? Akanishika mkono. Akasema shamba lote ni lako. Akasema, 'Huyu mwenzako umwangalie tu asife njaa. Kichwa hana.'"

Mama alikuwa ameketi chini, palepale kwenye majani. Kumbe naye alikuwepo, aliyasikia.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, asante baba. Kwa sauti yako."

Nilijaribu kusema kwamba shamba ni lake, kwamba tungeenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikatamke mbele ya watu. Akanitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyepotea njia.

"Baba hakusema hivyo," akasema.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaondoka. Baada ya wiki nikauliza kwa watu, nikaambiwa amepanga chumba Moshono, pembeni ya mji wa Arusha, na anafanya kazi na mafundi ujenzi. Nilimkuta Njiro, juu ya ngazi, anapiga lipu ukuta wa nyumba ya mtu. Akashuka, saruji imemganda viganjani.

"Ile hesabu yako kweli ilitoka," akauliza, "au ulikuwa unamdanganya mzee?"

"Ilitoka."

"Niliposema umenipa heshima, nilikuwa nimefikiria kidogo angesemaje. Sikujua nikuambie nini kingine."

Nikamshika mkono. Akauchomoa, akaangalia kama fundi mkuu ametuona.

"Rudi kazini kwako," akasema, akapanda ngazi.

Nilisimama pale chini nikitegemea atageuka. Alichota lipu, akaitupa ukutani, akasawazisha, akachota nyingine.

Nilirudi Ulaya. Wanafunzi wangu wananiheshimu, na ile hesabu yangu inasomwa mbali kuliko nilivyowahi kuota. Mdogo wangu hapokei simu zangu. Mama yuko peke yake mlimani. Anachuma kahawa anayoiweza, nyingine inaiva mpaka inaanguka chini. Nikimwambia nitaacha kazi nirudi, anakata simu.