Honi ya Baba

Mimi ni mtu wa kuangalia treni. Nikipata nafasi nashuka gare, stesheni ya treni ya Lubumbashi, nasimama mwisho wa jukwaa, pale njia ndogo ya kiwandani inapochepuka na kuiacha njia kubwa. Kungoja kwenyewe sijui. Nakaa, nasimama, natembea kidogo kando ya reli, narudi. Mlinzi ameshanizoea, akiniona anacheka tu.

Mwaka jana, hata hivyo, sikuwa naangalia. Nilikuwa nawinda.

Baba alikuwa dereva wa treni, mashinisti kama tunavyosema kwetu. Kila mashinisti wa Makomeno, mtaa wetu wa watu wa reli, alikuwa na namna yake ya kupiga honi akikaribia nyumba zetu, ili mke wake asikie na kuteleka maji ya bukari, ugali wetu. Honi ya baba ilikuwa mbili fupi, kisha moja ndefu inayokatika ghafla. Tulimzika, na haukupita muda honi ile ikarudi. Kila jioni, treni ya wafanyakazi wa njia ndogo ikikaribia kona ya karibu na kwetu, inalia vilevile. Na mama anainuka, anawasha mbabula, jiko la makaa, uani, anateleka maji. Tena anatupia maganda mabichi ya mahindi juu ya makaa, moshi unajaa, majirani wanakohoa na kunitazama mimi.

Dada yangu wa Likasi alisema kwenye simu kwamba kichwa cha mama kimeanza kwenda. Tufunge nyumba, akakae kwake. Mama hakutaka hata kusikia habari ya kuhama, nami sikutaka kumlazimisha, lakini dada alitaka jibu upesi, na jambo lisilo na jibu linaniwasha mwili mzima. Nikajiambia: honi ikinyamaza, mama atatulia, na nyumba itabaki.

Nilimpata mashinisti wa treni ile pale gare, akishuka kwenye kichwa cha treni, mwanaume wa makamo, anajifuta mikono. Nilimfokea kabla ya salamu.

"Ile honi iko ya papa yangu. Juu ya nini unaipiga?"

Hakukasirika. "Papa yako njo alinifundisha kazi."

"Basi uache. Mama iko anachanganyikiwa."

"Mama?" Aligeuka, akatazama upande wa kona. "Bon. Nitaacha."

Kesho yake treni ilipita bila kulia. Nilikuwa uani na mama, nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mama aliinua kichwa, akasikiliza mpaka behewa la mwisho. Kisha akajifunga kitenge, akavaa kandambili, akatoka bila kufunga mlango.

"Mama, unaenda wapi?"

"Ku gare. Train imepita, yeye hakulia. Iko kintu ilimufikia."

Nilimfuata nikimbembeleza arudi. Mama anayelalamikia magoti kila asubuhi alitembea mbele yangu njia nzima, nami nilihema.

Mashinisti alikuwa bado jukwaani. Alipomwona alivua kofia. Mama alimshika mikono, akaigeuza huku na huku, anatafuta jeraha.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Basi juu ya nini haukulia? Mi nilisema umekufa!"

Mashinisti alinitupia jicho, akaangalia chini. "Mutoto yako alikataza. Na miye nilipita pa kona, sikuona moshi yako. Roho iliniuma, mama."

Hapo nikaelewa yale maganda mabichi. Sisi watoto tulijua honi tu. Moshi ulikuwa jibu la mama, na miaka yote baba alikuwa akiutafuta dirishani kila alipofika kwenye kona. Niliona aibu, na kama kawaida yangu sikujua niiweke wapi miguu.

Mama akanigeukia. "Papa yako alikufa. Miye nilimuvalisha. Unazani nilisahau? Huyu iko peke yake mule mu train. Analia, miye namujibu. Njo ile tu."

Dada nilimwambia nyumba haifungwi.

Siku hizi jioni siendi gare. Nasimama uani na maganda mabichi mkononi, na honi ikianza tu nataka kuyatupia juu ya makaa. Mama ananishika mkono.

"Ngoja," anasema. "Umuache amalize."