Kisanduku Kimoja, Amri Mbili

Ipo siku moja nikiikumbuka hadi leo nafsi hunisuta, mwanangu, na nakusimulia kwa sababu jana ulinikasirisha. Umeniletea tovuti yako, nakuonyesha amri za kompyuta zilivyotapakaa, hii ndani ya kisanduku, ile nje, unacheka: "Mzee, hayo si mapambo tu?" Mapambo!

Mimi niliishia darasa la saba hapa Mwandiga. Kompyuta sikufundishwa na mtu, nilijifundisha, na kabla mwaka haujaisha hapakuwa na fundi simu aliyenifikia, Ujiji hadi Bangwe. Nikafungua tovuti ya kuwafundisha mafundi wenzangu. Niliiandika kwa Markdown, namna ya kupamba maandishi ya tovuti kwa alama: ukiweka vialama vitatu juu na vitatu chini, maandishi ya katikati yanajitenga katika kisanduku cha kijivu. Nilikipenda kisanduku kile kama mtoto apendavyo kiatu kipya. Nikatia humo amri, maelezo, hata salamu.

Miaka ile Warundi walikuwa wakimiminika katika kambi ya wakimbizi ya huku kwetu. Mmoja wao, Mzee Nestori, kwao alikuwa mgawa dawa wa zahanati. Kambini akawa fundi simu, akisoma tovuti yangu. Mama mmoja akampa simu iliyoanza kufa, amwokolee picha ya mumewe. Walipotezana njiani wakikimbia, na kila basi la wakimbizi wapya lilipofika, mama yule alisimama akiwaonyesha: "Huyu mmemwona?"

Sasa, katika somo langu, kisanduku kimoja kilikuwa na amri mbili: ya kuhamishia picha kwenye kompyuta, na chini yake ya kufuta simu yote ili ianze upya. Onyo la kuhakikisha kwanza picha zimefika nililiandika nje, chini kabisa. Mzee alinakili kisanduku kizima, akakibandika kwenye kompyuta, amri zote mbili zikaenda kwa mkupuo. Picha hazikuhama. Simu ikafutika.

Aliomba kibali cha kutoka kambini, akaja dukani kwangu na mama yule. Nikawahi kujitetea.

"Shikamoo Mzee. Lakini onyo si niliandika?"

"Marahaba. Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kirundi, "dawa ya kunywa na ya kupaka unazitia chupa moja, halafu karatasi ya maelezo unaibandika mlangoni?"

Mama hakunitukana. Aliuliza tu, "Sasa nitawaonyesha nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilihangaika na simu ile siku nne, mimi niliyejiita bingwa, nisipate hata kivuli cha picha.

Kwa hiyo usiniambie mapambo! Cha kunakiliwa kikae kisandukuni, kisichonakiliwa kisikanyage humo. Amri ya hatari ipe kisanduku chake, na onyo liitangulie. Ukianza hivyo ukurasa wa kwanza, iwe hivyo hivyo hadi wa mwisho, maana msomaji akishakuzoea, mkono wake hauulizi tena. Naye yuko mbali, hawezi kukushika shati akuulize ulimaanisha nini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sikuacha kazi, nawe usiache. Nenda karekebishe leo. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayefuata maneno yako afike salama.