Nilimwambia Vimekauka

Mama mkwe wangu, tuliyemwita Mayu, alinifundisha ufinyanzi miaka mitatu kabla hajaniruhusu kuwasha moto. Chungu ambacho udongo wake bado una unyevu hupasuka motoni, hivyo unakianika kivulini, kisha unakiweka shavuni. Ukisikia baridi, bado. Kila nilipoharakisha, Mayu alikikanyaga kwa kisigino mbele ya wageni.

Ndipo mume wangu akaoa mke wa pili, binti kutoka kijiji cha Shishiyu. Huyo aliruhusiwa kuchoma vyungu msimu uleule. Mayu alimwonyesha hata jinsi ya kunyunyiza maji ya magome ya miti chungu kikiwa bado chekundu kwa moto, kwa wakati wake hasa, ili king'ae na kisivuje. Mimi magome hayo niliyachemsha tu. Jambo moja hakumfundisha: kupima kwa shavu. Hilo Mayu alilifanya mwenyewe.

Mayu alipokwenda msibani Migato, alituachia vyungu kumi na viwili vya harusi, bado vimeanikwa. Siku ya tatu mke mwenzangu akaniita.

"Dada, mvua inakuja. Vimekauka?"

Nikainama, nikaweka shavu. Baridi kabisa.

"Vimekauka. Washa."

Akavifunika kwa samadi kavu na mabua ya mtama, akawasha. Mimi nikakaa mbali, nachambua pamba. Cha kwanza kililia kama bunduki. Alikimbilia motoni na fimbo aokoe vilivyobaki, kigae kikaruka, kikamchana juu ya jicho. Hakikupona hata kimoja.

Mayu aliporudi, binti alimweleza yote. Sikukana. Mayu akaokota kigae, akanitazama mimi, akamwambia yeye:

"Funga mzigo wako, urudi kwenu."

"Lakini Mayu, si kosa langu!"

"Najua."

Mume wangu alikuwepo. Hakuwahi kumpinga mama yake, na siku hiyo hakuanza. Binti aliondoka asubuhi, jicho limevimba, hakuniaga.

Nilimwuliza Mayu kwa nini hakunifukuza mimi.

"Yule ana mikono," akasema. "Angejitegemea, angeniacha. Wewe uende wapi?"

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa, na malori yao yakaja na wachuuzi wa ndoo za plastiki. Mume wangu alileta mbili. Mayu alizipita bila kuzitazama, akaniagiza nikachimbe udongo. Nilikwenda. Vyungu vyangu havikupasuka tena. Vilirundikana ukutani, vyeusi, vinang'aa, na hakuna aliyekuja kuviulizia.